Nani Ana Kiu kwa Calvin?

Kwenye kona ya duka la simenti, Shirimatunda, kuna benchi limeegemea ukuta, na mbele yake jiko langu la mkaa na birika. Mimi Sifael nauza kahawa; wanaokaa benchini wanagawa maneno bure. Siku ile ya Februari jua lilikuwa linachoma, mlima umejifunika mawingu, na wakongwe wangu wawili walishafika: Davis, dereva wa malori ya mpakani Holili, tunayemwita Transiti, na mzee Aminieli, tunayemwita Bwana Mifugo kwa sababu ana ng'ombe mmoja na ushauri wa ng'ombe mia. Mara Calvin akatokea, baba mpya wa kichanga cha miezi miwili, vifungo vya shati vimepishana.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Mbona mbio? Kwako kunawaka moto? akauliza Bwana Mifugo.

— Afadhali moto, ungezimwa na maji. Haya maji ndiyo yamewasha.

Akaeleza. Mama yake, Bibi Margareta, ameshuka kutoka Mwika kumwona mjukuu. Joto la huku chini limemshtua, anasema mtoto ana kiu, apewe maji. Gladys, mke wa Calvin, amekataa: nesi wa kliniki alisema maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Bibi amefunga begi, mjukuu asipopewa maji yeye anarudi Mwika leo leo. Gladys naye kaapa, akiona kijiko kimoja cha maji anakwenda kwao Marangu na mtoto wake.

— Wote wakanigeukia: amua, wewe ndiye baba.

— Ukaamuaje? nikamuuliza.

— Nikasema natoka kidogo kununua vocha.

Transiti akaweka kikombe chini.

— Calvin mangi wangu, mpe maji! Rejeta ikikauka injini inanoki. Mtoto ni injini ndogo. Na wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, maana yake mpe kabla hayajamwagika.

— Acha ujinga wa barabarani, akadakia Bwana Mifugo. Maziwa yenyewe yamejaa maji. Ukimjaza maji tumboni ataacha kunyonya, na ziwa lisiponyonywa linakata maziwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo methali ni ya wezi wa asali!

— Basi tazama mlima, hata kama leo umejifunika. Ile theluji ni maziwa ya mlima. Zamani ulikuwa mweupe mpaka kiunoni. Watu wakaanza kuwapa vichanga maji, theluji ikaanza kukata.

— Yeleuwi! Kwa hiyo mama yangu ndiye ameyeyusha Kilimanjaro? Calvin akaruka.

— Sijamtaja mtu.

— Na ngamia je? Transiti hakukubali. Ngamia anakaa siku na siku bila kunywa kwa sababu alipewa maji angali mdogo, akaweka akiba mgongoni. Mpe mwanao leo, kesho atapanda mlima bila chupa.

— Na kibiongo juu! akasema Bwana Mifugo.

— Tupige kura, akasema Transiti. Mimi nasema apewe, mzee anasema asipewe. Calvin, kura yako iko wapi?

— Iko nyumbani, inapigana na nyingine.

Wakanigeukia mimi. Nikapuliza mkaa, maana hawa wote ni wateja.

Hapo Gladys akatokea, mtoto kifuani ndani ya khanga, jasho linamtiririka. Nyuma yake Bibi Margareta, begi begani. Benchi zima likasogea.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba mwanangu. Tulikuwa tunakusaidia.

— Nimewasikia tangu kule barabarani. Naomba niulize moja tu. Tangu kumekucha namnyonyesha huyu kila akilia, nimefua, nimepika. Leo mimi nimekunywa maji?

Transiti akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Si ulikunywa chai? Calvin akanong'ona.

— Chai uliinywa wewe.

Bibi Margareta akashusha begi.

— Hujanywa kitu, mwanangu?

— Sijanywa, mama.

Bibi akamgeukia mwanaye kwa Kichagga, haraka haraka, mpaka Calvin akasimama kama mwanafunzi mstarini. Halafu akarudi kwenye Kiswahili, sauti imeshuka:

— Nilipokuzaa wewe, mama mkwe wangu alinisimamia mpaka nimalize kibuyu cha maji. Na mimi nimeshinda nagombania kijiko cha mtoto.

Nikamimina maji yaliyochemshwa na kupoa kutoka kwenye dumu langu la maji ya kahawa. Gladys akanywa kikombe, akarudisha, akanywa tena na tena, akiwa amesimama. Kisha akakaa, akajifunika khanga, akamnyonyesha. Wanaume tukaangalia barabara. Bibi akainama kuchungulia.

— Anavyovuta! Midomo imelowa hii.

Hakusema ameshindwa. Alisema Jumatatu atakwenda kliniki mwenyewe, huyo nesi amweleze uso kwa uso. Kisha akamtwisha Calvin begi, akamshika Gladys mkono, wakaelekea nyumbani.

Transiti akaninyooshea kikombe.

— Sifael, ongeza kahawa, tumalizie kura.

Nikatikisa dumu.

— Maji yamekwisha. Aliyekuwa na kiu ameshakunywa.