Mama wa Darasa la Kumalizia: Maisha ya Maximilla Anaclet Ruhuza, 1961–2015

Bibi Maximilla Anaclet Ruhuza, ambaye leo tumemrudisha Kagerankanda, alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa pili wa Mzee Anaclet Ruhuza na Mama Immakulata. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alizaliwa amekunja ngumi, na wanawake waliomzalisha wakasema huyu hatakubali kuonewa. Kuonewa alionewa. Kukubali ndiko alikokataa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Alifaulu mtihani wa darasa la saba, lakini jina lake halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini. Mwaka 1977 baba yake alimpeleka Kibondo, kwenye kituo cha masista kilichofundisha wasichana maarifa ya nyumbani. Huko ndiko alikojifunza kudarizi, kufuma na kushona kwa mkono. Sista aliyemfundisha alimfumulisha tundu moja la kifungo mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili alilitazama, akasema, "Sasa hili ni tundu," akaenda zake kula. Maximilla alibaki amekaa, hajui acheke au alie. Alimaliza mafunzo Desemba 1979.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na Mwalimu Prosper Ntagaye, wakahamia Kasulu mjini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Esperance na Firmini. Mwalimu Prosper alikuwa mtu mpole, na ndiye peke yake aliyeweza kumkatiza mkewe akiwa amekasirika. Alimwuliza tu, "Mama Esperance, umekula?" Mwalimu alifariki mwaka 2007, na tangu hapo swali hilo halikuulizwa tena nyumbani kwake.

Miaka mingi Maximilla alishona nyumbani. Machi 2012 alifungua duka la nyuzi, sindano na vitambaa katika chumba cha mbele cha nyumba ya familia ya kwao, iliyopo Kasulu mjini, barabara ya kwenda Kibondo. Baba yake, kabla ya kufariki, alikuwa ametamka mbele ya watoto wote kwamba chumba hicho ni cha Maximilla. Aliweka meza ndefu ya kukatia, akapigilia misumari ukutani ya kutundikia nyuzi kwa rangi, na kila Jumamosi akafundisha.

Darasa lake halikufanana na mengine. Alikuwa amegundua kwamba karibu kila nyumba ya Kasulu ina kitambaa cha kochi kilichodariziwa ua moja na nusu, kikatelekezwa kabatini. Basi alitangaza kanisani na sokoni kwamba mtu aje na kile alichokianza akakiacha. Pale walijifunza kukunja pindo, kutia bitana, kufunga vishada, kutoboa na kuzungushia tundu la kifungo. Walikuja wengi, Wakristo kwa Waislamu, na wengi walitaka jambo moja tu.

"Mama Esperance, nimalizie wewe," walimwambia. "Mkono wako mwepesi."

"Mkono wangu ulikuwa mzito kama wako," alijibu. "Kaa hapo."

Hasira yake ilijulikana mji mzima. Alichukia kulipua kazi, alichukia udhuru, na zaidi ya yote alichukia neno "kesho." Septemba 2014 parokia iliadhimisha miaka ishirini na mitano, na darasa lilipewa kazi ya kumalizia skafu ishirini na nne za kwaya. Wanawake kumi na wawili walichukua mbili mbili. Ijumaa kabla ya sherehe zilirudi tisa. Mwenyekiti wa kwaya alimsihi amalizie zilizobaki usiku ule. Alikataa. Jumapili ile, tarehe 28, waimbaji tisa walisimama na skafu na kumi na tano bila, na Maximilla alikaa benchi la mbele bila kuimba hata ubeti mmoja. Zile kumi na tano zililetwa dukani wiki iliyofuata, moja moja, zimefungwa kwenye magazeti. Alizikagua zote, akafumua nne.

Lakini alikuwa na shabaha kubwa kuliko pindo. Alitaka wanafunzi wake sita, waliofikia kiwango, wafanye mtihani wa ufundi unaotambuliwa, wapate cheti, wasije wakaambiwa kama yeye kwamba jina halikutoka. Kwa miaka miwili aliandika barua wilayani na kufuatilia. Aliambiwa faili limekwenda Buhigwe, wilaya ilipogawanywa. Alikwenda Buhigwe, akaambiwa lipo Kasulu. Hatimaye, Mei 2015, alipokea jibu kwamba wakaguzi watakuja kukagua darasa mwezi Julai, na sharti la kwanza ni chumba cha kudumu.

Mwezi huo huo wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wakiingia kwa maelfu, mashirika yakafurika mjini, na kila mwenye chumba akatafutwa. Mdogo wake Kipriani, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alipata mpangaji aliyetaka stoo barabarani. Juni 2015 alikwenda dukani kwa dada yake.

"Dada, ni miezi sita tu," alimwambia.

"Wakaguzi wanakuja Julai. Umesahau?"

"Sijasahau. Watakuja tena."

"Baba alisema nini juu ya chumba hiki?"

"Baba alisema, dada. Lakini hati ina jina langu."

Maximilla aliweka mkasi mezani. "Basi kaa na hati yako," alisema. Alianza kung'oa misumari siku hiyo hiyo. Ilimchukua siku tatu, na hakuomba msaada wa mtu.

Aliyempokea ni rafiki yake Bi. Kuruthumu, muuza vitenge, aliyempa baraza ya duka lake. Binti yake Bi. Kuruthumu, Firdausi, alikuwa mmoja wa wale wanafunzi sita. Wakaguzi walifika tarehe 16 Julai, wakazikuta kazi zimepangwa juu ya mkeka. Walizisifu. Kisha mmoja wao aliandika kwenye fomu kwamba hakuna chumba, wakaondoka. Wale sita hawakuandikishwa.

"Tulia, Mama Esperance," Bi. Kuruthumu alimwambia jioni ile. "Mungu anaona."

"Najua anaona," alijibu. "Nilitaka waone wale."

Mwezi Agosti alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Alikuwa nayo tangu mwanzo wa mwaka, akayaficha kwa sababu ya ukaguzi. Esperance alimpeleka hospitali ya rufaa Mwanza, na tarehe 3 Septemba ikajulikana ni saratani ya ini, nayo imekwenda mbali. Alirudi Kasulu. Vidole vilivimba, sindano ikawa haishikiki, na hilo lilimuudhi kuliko maumivu yenyewe. Firdausi alikaa naye kila siku na kumwonyesha kazi za darasa. Akiwa kitandani aliendelea kusema, "Fumua."

Mpangaji aliondoka Oktoba, kabla hata ya miezi sita kutimia. Kipriani alikwenda na ufunguo.

"Dada, chumba kiko wazi. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Chumba nilikihitaji Julai."

"Najua."

Maximilla akasema, "Nimekusamehe, Kipriani. Ila hasira bado ninayo, usije ukadhani imekwisha. Ufunguo mpe Firdausi." Kipriani alipofika mlangoni, dada yake akamwita tena. "Na siku mkiniandika, msiseme nilikuwa mvumilivu. Sikuwa."

Familia imetii. Darasa lilirudi chumbani Jumamosi ya tarehe 31 Oktoba, likiongozwa na Firdausi. Novemba hati ya nyumba ilipelekwa kwa mwanasheria ili chumba kile kiandikwe kwa jina la Esperance na Firmini. Barua ya kuomba ukaguzi mpya imetumwa. Haijajibiwa.

Maximilla alifariki nyumbani kwake Kasulu, Jumatano tarehe 18 Novemba 2015, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ameacha mama mzazi, watoto wawili, wajukuu watatu, mdogo mmoja, na wanawake sita waliovaa vitenge vya bluu hapo nyuma ya jeneza, ambao familia imeona ni haki kuwahesabu miongoni mwa wafiwa: Firdausi, Shadia, Jeannette, Skolastika, Yustina na Bernadeta.

Dada, Mungu akupe amani, na akupe pumziko ambalo sisi wa karibu yako hatukukupa.