Shingo Ina Mwenyewe

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Madaktari na wauguzi wenzangu. Mume wa mstaafu wetu, pamoja na watoto na wajukuu mliotupambia mstari wa mbele. Mabibi na mabwana, nawaamkua nyote kwa heshima ya kila mmoja.

Nimepewa nafasi ya kumsemea dada yetu, daktari bingwa wa upasuaji, anayestaafu leo. Kwa miaka mingi nimekuwa daktari wake wa usingizi. Yeye hukata, mimi hulaza. Waandalizi wameniomba nisije nikaifanya kazi yangu humu ukumbini.

Hapa hospitalini wengi wetu tunamwita Daktari Nieleze. Mgeni anaweza kudhani ni kwa sababu alipenda kueleza. Alieleza, tena kwa picha alizozichora mwenyewe, lakini akishamaliza alikuwa anaegemea kiti na kumwambia mgonjwa: "Haya, sasa nieleze wewe." Hapo mtu aliyekuwa akiitikia muda wote, ndiyo daktari, ndiyo daktari, ungemwona anameza mate. Naye dada yetu angeanza upya, taratibu, bila kununa. Walionuna ni sisi tuliokuwa tukimsubiri.

Ndugu zangu, ridhaa ya mgonjwa ni kitu gani? Ni saini? Ni dole gumba lililochovywa wino? Kama ni hivyo, hata aliyekwisha kulala naweza kumshika kidole nikakichovya. Naomba niwasimulie habari ya mgonjwa mmoja. Nilimwomba ruhusa kwanza, akanipa, akasema ila nisiongeze chumvi.

Mama huyu ni mnadi wa samani kuukuu. Kazi yake ni kupanda juu ya meza na kunadi mpaka mtaa wa pili wasikie. Alikuja kwetu na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, likiwa limekua hadi kumbana koo; hakuweza kulala bila kuegemea mito. Aliletwa na kaka yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kaka ndiye aliyezungumza. Alisema familia imekaa, imekubaliana, kilichobaki ni daktari kufanya kazi yake.

Daktari alimshukuru, kisha akakigeuza kiti chake kumwelekea mgonjwa. Akamweleza kwamba rovu likiachwa litazidi kumbana. Akamweleza pia kwamba nyuma ya tezi, kila upande, hupita neva nyembamba kama uzi, nayo ndiyo inayoendesha sauti. Ikiumia ya upande mmoja, sauti hukwaruza. Zikiumia zote mbili, hata kupumua kunaweza kuwa shida, na pengine mtu akatobolewa tundu shingoni. Kisha akamtaka aeleze yeye.

Mnadi akasema kwa sauti ya chini, "Unaniambia naweza kuamka sina kazi."

"Si kawaida, lakini inaweza kutokea."

"Basi sikubali."

Kaka akainuka. Akasema mdogo wake ana woga tu, kwamba yeye ndiye mkubwa, na kama ni saini ataitia yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini upendo nao una haraka zake. Dada yetu hakumkaripia. Alimwambia, "Kaka, naona unavyompenda. Lakini shingo ina mwenyewe."

Wakaondoka. Daktari hakumwita mtu mkaidi. Kabla hawajatoka alikuwa amemweleza mgonjwa dalili ambazo akiziona asingoje hata kesho, akamwambia akiwa na swali aje, hata kama ni swali lile lile.

Akaja, tena peke yake. Wakati huo tulikuwa tumepata mashine mpya ya kupima neva wakati wa upasuaji: ukiigusa neva kwa ncha yake, mashine hulia kama neva inafanya kazi. Mgonjwa akauliza kama mashine hiyo itamlinda. Ilikuwa rahisi kumjibu kwamba hiki ni kifaa cha kisasa, aondoe shaka. Dada yetu alimwambia hailindi. Inatoa habari tu, na habari hiyo inafaa pale daktari anapokuwa tayari kuisikiliza.

Mnadi akacheka. Akasema daktari huyu mnadani angelala njaa, maana anaanza na kasoro za bidhaa. Wakakubaliana hivi: daktari aanze na upande mkubwa, unaobana koo. Neva ya upande huo ikinyamaza, asiguse wa pili, hata kama maana yake ni kurudi tena mezani siku nyingine.

"Mimi siuzi mbuzi kwenye gunia, wala sinunui," akasema mgonjwa. "Huyu nimemwona. Nitakuja."

Siku ya siku nilikuwa nimekaa kichwani pake. Upande mkubwa ulitoka vizuri. Daktari akaigusa neva, mashine kimya. Tukakagua waya, tukakagua mpira wa kupumulia, nikakagua dawa zangu. Kimya. Neva tuliiona kwa macho, haikukatika, ila ilikuwa imevutika. Daktari kijana aliyemsaidia akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba upande wa pili ni mdogo na mwepesi, kwa nini tusimalize ili mama wa watu asisumbuke mara mbili? Na mgonjwa alikuwa amelala fofofo. Nani angemuuliza?

Dada yetu akaweka kisu chini. "Tulikubaliana naye," akasema. "Tunafunga."

Mgonjwa alipoamka, sauti ilikuwa mnong'ono wenye mikwaruzo. Daktari alikaa kitandani pake akamweleza yote kabla hajaulizwa. Mgonjwa akanong'ona, "Ulisimama?" Daktari akasema alisimama. Mama yule akafumba macho, akaushika mkono wake, asiuachie kwa muda.

Miezi kadhaa alifanya mazoezi ya sauti. Mnadani kaka alimshikia nafasi, na nasikia alikuwa akinadi makabati kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Kliniki aliendelea kumsindikiza, lakini sasa alikuwa akigeuka na kusema, "Mdogo wangu, wewe unaonaje?" Hatimaye sauti ikarudi, pole pole, mpaka ikajaa. Upande wa pili wa tezi aliamua uachwe na uwe unaangaliwa. Upo hadi leo, naye analala chali kama mtoto.

Vijana wangu, vifaa vinakuja. Tuna kamera zinazopita kwenye tundu dogo, tuna kompyuta zinazosoma picha kabla sisi hatujavaa miwani. Tuvipokee kwa mikono miwili. Lakini bado ni ninyi mtakaomtazama mtu usoni na kutambua kwamba "ndiyo" yake ni ya adabu tu.

Wiki hii dada yetu alimwona mgonjwa wake wa mwisho, mzee mwenye ngiri. Alimwona pamoja na daktari kijana niliyemtaja, ambaye sasa ni bingwa na ndiye anayemrithi. Kijana ndiye aliyeeleza. Mzee alisikiliza yote, akashukuru, akasema anataka kwenda kulifikiria. Foleni nje ilikuwa imefika kwenye ngazi. Kijana akamwambia, "Fikiria, mzee wangu. Mimi nipo."

Dada yetu alivua koti lake jeupe, akalikunja.

Dada, nenda ukapumzike kwa raha. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.