Bi Turkiya wa Pangani na Faini ya Nazi

Nyumba ya watu haiingiwi pasipo hodi. Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, rudi ulikotoka. Pangani nzima yaijua kanuni hii. Na aliyeivunja nyumbani kwa Bi Turkiya binti Nabhan alitozwa faini: kukuna nazi.

Wasikilizaji wapendwa, Bi Turkiya ametutoka. Alizaliwa, akaozwa na akazeeka katika nyumba ile ile kongwe ya ghorofa, karibu na kivuko. Humo ndimo alimofia.

Mwaka juzi alifika Mathew, kijana wa Kitwe, Zambia, anayesomea usanifu wa majengo Dar es Salaam. Aliuzunguka mji wetu kwa miguu, akizipapasa kuta za kale kama tabibu apapasavyo tumbo. Hodi aliijua, alifundishwa darasani. Lakini alipoona lipu ya Bi Turkiya imebanduka na mtini umeota dirishani, alidhani ni gofu. Akapiga hodi tatu kwa pumzi moja, akajikaribisha mwenyewe, akaingia.

Uani akamkuta Bi Turkiya, kichwa kimejaa hina mbichi.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mathew, utepe wa kupimia mkononi.

"Marahaba. Nani kakwambia karibu?"

"Nilidhani hapakai mtu."

"Na mimi ni popo?"

Mathew akaomba apande ghorofani kutazama boriti za mikoko. Pasipo boriti hizo, utafiti wake usingekamilika. Bi Turkiya akamsogezea mbuzi, kigoda kile chenye meno ya kukunia nazi.

"Kuna kwanza. Boriti hazikimbii."

Mjukuu wake, Asmahani, anasimulia: "Alikaa, magoti yakamfika masikioni. Akaikuna nazi ikaisha, akaendelea na kifuu! Bibi alipokamua akapiga ukelele: 'Tui gani hili, rangi ya Mto Pangani?'"

Faini ikakataliwa. Hata hivyo, kwa kuwa jasho lilimtoka kweli, Bi Turkiya alimruhusu kupanda. "Nazi yangu iko palepale," alimwambia. "Nikikuita, uje."

Hakuwahi kumwita.

Kwa Asmahani na jamaa wote wa Bi Turkiya, tunasema poleni. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tulio hai tujiulize: ni nyumba ngapi tumeziita magofu, na wenyewe wamo ndani?

Ilibaki faini.

Siku ya hitma, Mathew alikuja. Mlango ulikuwa wazi, watu wakipishana na masufuria. Yeye akasimama nje ya kizingiti, akapiga hodi, akangoja. Akapiga ya pili, akangoja.

"Ingia wewe, unatuzibia njia!" wapishi wakamkemea.

Hakutikisika. Kwa hodi ya tatu, Asmahani akaitika kutoka uani: "Karibu!"

Kijana akavua viatu, akaulizia mbuzi. Akakuna taratibu, akaishia penye weupe. Asmahani akakamua, akalitazama tui, akalimimina katika sufuria ya hitma ya bibi yake.