Stanley Ryoba na Baiskeli ya Dirishani

Baada ya miaka thelathini na tatu katika kituo chetu cha mazoezi ya tiba hapa Suna, Bw. Stanley Ryoba anastaafu tarehe 30 Juni. Alikuja kutoka Kegonga akiwa fundi wa vitanda na viti vya magurudumu. Anaondoka akiwa fundi wa kila kifaa tulicho nacho, pamoja na vile alivyokatazwa kufungua.

Akiwa na miaka hamsini na sita alijifunza kuandika programu za kompyuta, akiwauliza vijana bila haya. Tulimcheka. Naye akatengeneza programu ya tableti inayoungana kwa Bluetooth na baiskeli zetu za mazoezi: unachagua jina la mgonjwa, na pedeli zinajikaza kulingana na nguvu zake. Aliijaribu peke yake miezi mitatu, kisha tukaanza kuitumia.

Oktoba iliyopita Mzee Maranga, dereva mstaafu wa malori ya miwa kutoka Awendo, aliingia akichechemea kwa sababu ya kiharusi. Duke, mchezaji mpira tuliyekuwa tukimtibu goti, alinyanyuka akampisha kwenye baiskeli ya dirishani. Nilikuwa mle ndani, na nilifurahia adabu ya kijana. Hakuna kati yetu aliyebadilisha jina, na tableti haikujua kitu. Iliendelea kumkazia mzee pedeli za Duke. Mzee hakulalamika, alidhani ndiyo dawa yenyewe. Alianguka akishuka, na siku ya tatu akafariki.

Wakubwa waliandika kwamba chanzo cha kifo hakikuthibitishwa. Wengi wetu tulijificha nyuma ya maneno hayo. Ryoba alikwenda Awendo akamweleza mjane, Celestine, kila kitu, bila kujitetea. Mama huyo aliuliza kama hiyo mashine imeisha kutengenezwa. Aliposikia bado, alimwambia, "Basi enda umalize. Usiachie mtu mwingine hiyo kitu nusu."

Tangu siku hiyo utani wa Ryoba, uliozoea kutuchekesha, uliisha, na kituo kikawa kimya. Alikonda. Likizo hakuchukua. Tuliogopa Juni ingemkuta kazi haijaisha, naye aliogopa zaidi yetu.

Imeisha. Sasa mtu akinyanyuka tu pedeli zinalegea, na hazijikazi tena mpaka mhudumu amtazame aliyekaa na kuthibitisha jina lake. Wiki mbili zilizopita alituamuru tupishane viti asubuhi nzima, mdogo kwa mkubwa, na haikukosea hata mara moja. Wenzetu wa Homa Bay wameshaanza kuitumia. Ametukataza kuipa jina lake, nasi tumekubali.

Asante, kaka Stanley. Kosa la siku ile halikuwa lako peke yako. Nilikuwepo, na sikukusaidia kulibeba. Kazi uliyotumwa umeimaliza. Tunakutakia afya na amani huko Kegonga. Nenda kapumzike, na ukiweza, jisamehe.

Kezia Mogire, mhudumu wa mazoezi