Tapeti za Mzee Prather

Jumamosi asubuhi, benchi letu nje ya duka la donati la Doreen, hapa mjini Kokomo, halikosi watu wala injini ya kubishania. Leo zamu ilikuwa ya Lonnie Prather. Gari jekundu la marehemu baba yake limesimama mbele yetu na injini ya silinda nane aliyoifumua na kuisuka upya bandani majira yote ya baridi, na saa sita limpeleke binti yake Tessa kanisani kuolewa. Alimwahidi tangu akiwa mdogo. Basi linanguruma vizuri, ila upande mmoja: tik, tik, tik. Lonnie kashika kikombe chake cha bandani, hataki vya Doreen, na uso umemshuka mpaka nikamwonea huruma. Huruma yetu lakini huja na ushauri.

— Zima hiyo injini kwanza, alisema Askofu, tunayemwita hivyo kwa kuhubiri oili. Tapeti inalia, hicho kichuma kinachosukuma valvu. Umetia dawa ya zinki kwenye oili?

— Chupa moja, akajibu Lonnie.

— Moja! Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu. Kamshafti ya zamani, mhimili wenye nundu za kusukuma tapeti, hainyimwi zinki.

— Acha mahubiri, akadakia Moshi, ambaye gari lake tunalijua kwa harufu kabla halijakata kona. Kosa ni tapeti zenyewe. Mtu na akili zake anarudishia tapeti bapa? Si ungenunua za roli, zenye kigurudumu chini, zinateleza tu hazisuguani na mtu?

— Mzee aliendeshea hizi hizi maisha yake yote, akasema Lonnie.

— Na mzee yuko wapi?

Moshi akamsogezea Lonnie donati, ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

— Mchagua jembe si mkulima, nikasema mimi, nipoze mambo.

— Ndiyo maana mkulima ana trekta! Moshi akanirukia. Mimi nimefunga tapeti ngumu, za kurekebisha kwa mkono, napima nafasi ya valvu kila Jumapili.

— Ndiyo maana kanisani hatukuoni, alisema Askofu.

— Na hapa mtaani hatuoni kitu kwa moshi wako, nikaongeza.

— Cheka tu, akasema Moshi. Debe tupu haliachi kuvuma. Hiyo tapeti imekauka, haipati oili.

— Haijakauka, akasema Askofu, akishusha sauti. Imenuna. Lonnie, bwana harusi anaendesha gari gani?

— La umeme, akasema Lonnie kwa uchungu.

— Mnaona? Injini ya Mzee Prather imesikia inakwenda kuozesha kwenye ukoo usio na tapeti hata moja!

Hilo tulilijadili kwa dhati, Mungu atusamehe. Moshi alikuwa anashauri gari liingie kanisani kinyumenyume ndipo Tessa alipofika mwenyewe, nywele zimejaa vibanio, koti juu ya gauni jeupe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Moshi akamkaribisha.

— Baba, bado linagonga?

— Kidogo tu, mwanangu.

— Ulipozitoa hizo tapeti, uliziweka wapi?

— Kwenye trei yako ya keki ndogo. Kila moja na shimo lake, irudi palepale ilipotoka.

— Lazima! akasema Askofu. Tapeti bapa ikishazoeana na nundu yake ya kamshafti, ukiihamishia nundu nyingine zinatafunana. Hilo hata mtoto analijua.

Tessa akamtazama baba yake.

— Trei yangu ina mashimo kumi na mawili. Injini hii si ina tapeti kumi na sita? Hizo nne ulizitia wapi?

Askofu akageukia donati. Moshi akafunga viatu visivyo na kamba. Lonnie aliinamia kikombe chake, nasi tukainama naye. Kahawa ilikuwa imekwisha. Chini kabisa kulikuwa na duara la oili nyeusi.

— Zote nne ulizitia humu pamoja, zikachanganyika? akauliza Askofu taratibu.

Lonnie akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlenga. Kulitembeza gari hivyo ni kuitafuna kamshafti ya mzee, na hilo hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumshauri.

Tessa akapiga simu, na gari la umeme la bwana harusi likaja kuwachukua yeye na baba yake. Lilisimama mbele ya benchi bila hata tik. Tessa akamfungulia baba yake mlango.

— Panda, Baba. Kikombe kiache.