Skafu ya Harriet, Kisu cha Otis

Sogeeni, wanangu. Clifford, zima hiyo televisheni, na wewe Arlene acha kulia kabla ya wakati. Pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno.

Mnaijua ile ndege ya kivita iliyoko makumbusho, iitwayo Paka-mwitu, nene na fupi kama pipa la siagi. Ndiyo iliyokabiliana na Wajapani mwanzoni mwa vita, wao wakiwa wepesi kuliko sisi, ikatobolewa matundu tele na bado ikamrudisha mtu wake melini akiwa hai, nami naishukuru, ingawa aliyeiunda alitutesa: magurudumu uliyapandisha kwa mkono, unazungusha mpini huku ndege inayumba kama mlevi. Tulijifunzia hapa hapa kwetu, Ziwa Michigan, juu ya meli ya abiria iliyokatwa kichwa ikatandikwa uwanja wa kurukia ndege.

Asubuhi ile ya Februari nilivaa skafu nyekundu aliyonifumia marehemu mama yenu, Harriet, tukiwa wachumba. Tulikatazwa kuvaa kitu cha kuning'inia, lakini nani angeniambia kitu! Nikaruka, nikazungusha, mnyororo wa ule mpini ukaimeza skafu, ukanivuta shingo hadi pua ikagusa goti. Mbele sioni. Ziwa likanipokea.

Kwenye boti ya uokoaji walionitazama walikuwa wengi, aliyejitosa ni mmoja: Otis Pickering, mpishi, mtu mweusi ambaye wenzake hawakukubali hata kula naye meza moja. Akaikata skafu kwa kisu chake cha vitunguu. Nilipokuwa natapika maji akaniambia, "Bwana mdogo, mchumba wako anafuma imara mno. Mwambie ya pili aiharibu kidogo." Namshukuru hadi leo, na bado nacheka.

Sasa Clifford, nasikia unataka nyumba ya bustanini anamokaa Lorraine iuzwe, ati huyu binti wa Otis si mwenzetu, damu nzito kuliko maji. Mwanangu, maji yale mimi nimeyaonja, na damu yangu haikuwemo botini. Bila kisu kile, wewe ungekuwa nani, uuze nini? Shukrani ya punda ni mateke, nami sikuzaa punda. Lorraine akae humo maisha yake yote, na wanawe baada yake. Msimwondoe.

Kipande cha skafu kimo sandukuni. Kile kingine walikikuta walipoiopoa ndege yangu ziwani, hiyo hiyo ya makumbusho... bado kimeng'ang'ania mnyororo. Kiacheni huko. Hiki mnizike nacho... safari hii sina cha kuzungusha. Lorraine, njoo mama, nifunge wewe shingoni... taratibu, baba yako aliikata vibaya... Mungu awabariki, wanangu... nyote watatu.