Endosmenti Mbili za Praful

Ndani ya basi la Wembley, jijini London, Talib, dereva wa lori kutoka Unguja, alidhani ameketi na bwana harusi, jinsi Mhindi yule alivyong'aa. Kumbe Praful alikuwa anakwenda kusailiwa kazi ya kuendesha gari la mikate, na mkononi alishika barua ya rekodi yake ya udereva.

"Soma, ndugu! Miezi minane tu tangu tufukuzwe Uganda, serikali imeshanipa endosmenti mbili!"

Talib alisoma, akakohoa. "Bwana we, endosmenti za leseni ni alama za makosa. Hapa umekimbiza gari, hapa umepita taa nyekundu. Ifiche."

"Makosa gani? Dukani kwangu Jinja, cheki bila endosmenti, ile sahihi ya nyuma, benki hawaigusi! Tena polisi aliniandikia kwa adabu, akaniita bwana."

"Ikija ya tatu wanakunyang'anya leseni."

"Wananipa kubwa zaidi! Wewe unazo ngapi?"

"Sina hata moja. Mwaka wa tisa huu naendesha hapa."

Praful alimtazama kwa huruma. Basi likasimama.

"Pole sana," alisema akishuka, barua juu kama bendera. "Nikishaajiriwa, nitakusemea kwa tajiri."